Umri wa Chombo na Uhai wa Matini: Historia ya Uhifadhi wa Fasihi ya Kiswahili

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa sana na wanaotetea uandishi, na wana haki ya kuitaja. Hata hivyo, inaacha swali moja bila jibu: daftari lenyewe likipotea, ni nani atakayetoa habari zake? Daftari ni kitu kama vitu vingine. Lina umri wake, kama jahazi na nyumba zilivyo na umri, na umri huo una kikomo.

Makala haya yanadhamiria kuchunguza historia ya vyombo vilivyobeba fasihi ya Kiswahili, tangu jiwe na karatasi hadi kanda ya sauti na diski ya kompyuta. Tutauliza kila chombo hudumu kwa muda gani, na ni nini hukiua. Hoja yetu ya msingi ni kuwa matini nyingi tulizorithi zilitufikia kwa sababu kulikuwa na mtu aliyezinakili kabla ya chombo cha kwanza kufa. Umri wa chombo na uhai wa matini ni mambo mawili tofauti, na kuyachanganya ni kosa ambalo taaluma yetu inaelekea kulilipia ghali. Fasihi simulizi iliyokusanywa katika nusu ya pili ya karne ya ishirini imehifadhiwa, kwa sehemu kubwa, katika chombo ambacho umri wake ni mfupi kuliko wa karatasi zilizotumiwa Pate na Kilwa katika karne ya kumi na nane.

Jiwe, Ubao na Kombe

Miongoni mwa maandishi ya kale zaidi yenye tarehe katika pwani ya Afrika Mashariki ni yale ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja. Yamechongwa kwa Kiarabu katika jiwe la matumbawe, kwa hati ya Kikufi, na yanataja mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia. Jiwe hilo limedumu kwa zaidi ya miaka mia tisa bila kuhitaji kunakiliwa. Lakini jiwe ni bahili wa maneno. Hupokea jina, tarehe na dua; halipokei utendi. Utendi wa Tambuka, unaohusishwa na Mwengo bin Athumani wa Pate, una beti zaidi ya elfu moja. Hakuna ukuta wa msikiti ambao ungeweza kuubeba.

Upande wa pili kulikuwa na maandishi yaliyokusudiwa kufutika. Mwanafunzi wa chuo aliandika aya katika ubao, akaisoma hadi akaihifadhi moyoni, kisha akauosha ubao ili aandike nyingine. Katika kombe, aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, na mgonjwa akayanywa maji hayo. Katika desturi hizi uhai wa maandishi ni wa siku chache au wa dakika chache tu, na hakuna anayelalamika kuwa kumbukumbu imepotea. Sababu ni kwamba hifadhi yenyewe ilikuwa kifuani mwa mwalimu, na ubao ulikuwa njia ya kuifikisha matini katika kifua kingine.

Yafaa tutambue, basi, kuwa jamii ya Waswahili ilikuwa na fahamu pana kuhusu umri wa vyombo kabla ya kuwako maktaba za kisasa. Ilijua kuwa kila aina ya neno huhitaji chombo chake. Ilijua pia kuwa kudumu kwa kitu si dhamana ya kudumu kwa maana. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir inaomboleza kuporomoka kwa majumba ya Pate, majumba ya mawe na chokaa yaliyojengwa na watu wenye mali ili yadumu. Majumba yalianguka. Utenzi wenyewe, ulioandikwa katika karatasi, tunao mpaka leo, kwa kuwa waandishi wa baadaye waliendelea kuunakili.

Karatasi na Mnakili

Barua za Kiswahili za mwaka 1711, zilizoandikwa Kilwa kwa hati ya Kiarabu na kupelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao, zimehifadhiwa katika nyaraka za kihistoria za Goa, nchini India. Zilipona kwa sababu mbili. Kwanza, ziliingia mikononi mwa dola iliyokuwa na desturi ya kutunza barua zake. Pili, karatasi ya zama hizo ilikuwa imara. Karatasi iliyofika katika bandari za Bahari ya Hindi wakati huo, ikiwamo ile ya Italia iliyokuwa na alama ya hilali tatu, ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani. Nyuzi zake ni ndefu, nayo haina asidi nyingi. Adui zake ni mchwa, maji, moto na wino mkali. Ikiepushwa na hayo, yaweza kuishi karne nyingi.

Hali ilibadilika katikati ya karne ya kumi na tisa, wakati viwanda vya Ulaya na Marekani vilipoanza kutumia mbao badala ya matambara. Karatasi ikawa rahisi na ikaenea. Lakini rojo la mbao, pamoja na shabu iliyotumiwa kuizuia isifyonze wino, viliifanya izalishe asidi inayokata nyuzi zake kutoka ndani. Katika miaka ya 1950 Mmarekani William Barrow alionyesha kwa majaribio kuwa asidi ndiyo iliyokuwa ikivunjavunja vitabu vya nusu ya kwanza ya karne hiyo. Hatimaye, mwaka 1994, kiwango cha kimataifa cha karatasi ya kudumu, ISO 9706, kilitangazwa.

Kwa mhakiki wa Kiswahili, kinaya cha jambo hili ki wazi. Karatasi ya gazeti ndiyo dhaifu kuliko zote, na ni katika magazeti ambamo sehemu kubwa ya ushairi wa karne ya ishirini ilichapishwa kwa mara ya kwanza. Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa uwanja mkuu wa washairi. Shairi lililochapwa humo lilisomwa na watu wengi kuliko hati yoyote ya Pate, lakini lilikaa katika karatasi ambayo hugeuka manjano na kukatika mkononi mwa msomaji. Uenezi na uimara si kitu kimoja.

Hata karatasi imara haikuwa tegemeo pekee. Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840. Mengi ya mashairi yake yaliendelea kuishi katika vinywa vya watu wa Mombasa hadi mwishoni mwa karne hiyo, wakati mmisionari W. E. Taylor alipoyakusanya kwa msaada wa Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Lau asingeandika aliyoyajua, sehemu kubwa ya Muyaka ingezikwa pamoja naye. Karatasi hizo zilifika London. William Hichens akatoa diwani mwaka 1940. Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa uchunguzi wake wa kina mwaka 1979. Kutoka kinywa cha mtunzi hadi meza ya mwanafunzi wa leo kuna vyombo vinne au vitano, na kila kimoja kilipokelewa na kingine kabla ya kukata roho.

Mfano mwingine ni Muhamadi Kijuma wa Lamu, mshairi, mchongaji na mwandishi wa hati nzuri, aliyeishi hadi miaka ya 1940. Alinakili tenzi kwa ajili ya wataalamu wa Ulaya, wakiwamo Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann, ambaye alifika Lamu katika miaka ya 1930. Tukisoma matoleo mengi ya tenzi za kale, tunasoma kwa macho ya Kijuma. Jina la mnakili halionekani katika orodha zetu za watunzi wakuu, ilhali bila yeye orodha hizo zingekuwa fupi.

Kanda na Sauti

Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza kuvunjwa kwa Idara ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na wakataka fasihi simulizi iwe kiini cha mtaala. Miaka mitano kabla ya hapo, yaani 1963, kampuni ya Philips ilikuwa imeleta kaseti ndogo ya sauti. Matukio haya mawili hayakuhusiana, lakini yalikutana nyanjani. Kizazi kizima cha wanafunzi na walimu kilikwenda vijijini na tepurekoda mabegani, kikarejea na ngano, nyimbo, vitendawili na majigambo.

Kanda ya sauti ina sehemu tatu: utepe wa plastiki, unga wa oksidi ya chuma unaobeba sauti, na gundi inayoushika unga huo katika utepe. Kiungo dhaifu ni gundi. Katika kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 gundi hiyo hufyonza unyevu wa hewa, ikalegea na kunata. Kanda ya namna hiyo ikichezwa hupiga kelele, hukwama, na huacha unga wake katika kichwa cha mashine. Mafundi huipasha joto la wastani kwa saa kadhaa ili gundi ikauke, lakini nafuu hiyo ni ya muda tu, ya kutosha kuinakili. Ripoti ya John Van Bogart, iliyotolewa Marekani mwaka 1995, ilikadiria umri wa kanda kuwa kati ya miaka 10 na 30.

Makadirio kama haya yanahitaji kusomwa kwa makini. Hakuna aliyeketi miaka 500 akiingoja filamu ya poliesta izeeke, ingawa umri huo hutajwa kwa filamu hiyo katika viwango vya kimataifa. Wataalamu hupasha joto vipande vya chombo kwa wiki au miezi, wakapima kasi ya kuharibika, kisha wakakadiria mbele. Aidha, umri huo hudhaniwa ndani ya ghala lenye joto la nyuzi 20 hivi na unyevu usiozidi asilimia 50. Wastani wa joto la Mombasa ni takriban nyuzi 26, na unyevu wake uko juu ya kiwango hicho karibu mwaka mzima. Umri ulioandikwa katika kasha la kanda, kwa hiyo, ni umri wa ghala ambalo wengi wetu hatuna.

Mwandishi wa makala haya aliwahi kufungua sanduku la kaseti katika idara moja ya chuo kikuu. Zilikuwa nyimbo za vugo zilizorekodiwa pwani katika miaka ya 1980. Vibandiko vilitaja mji na tarehe. Majina ya waimbaji hayakuwamo. Kaseti ya kwanza ilicheza kwa dakika tatu hivi: pembe, vigelegele, sauti ya mwanamke mzee ikianzisha wimbo, kisha mlio mkali na kimya. Ilipotolewa, kichwa cha mashine kilikuwa kimefunikwa na unga wa kahawia. Unga ule ndio uliokuwa wimbo. Katika tasnifu iliyotokana na utafiti huo maneno ya nyimbo yamepigwa taipu vizuri, beti kwa beti, kama mashairi. Msomaji wa leo atayahakiki kama mashairi ya kuandikwa, atahesabu mizani na kulalamikia urudiaji, bila kujua kuwa urudiaji ule ulikuwa zamu ya kundi la waitikiaji. Kifo cha chombo kimegeuza utanzu wa matini.

Hapa ndipo suala la umri wa vyombo linapoacha kuwa la mafundi na kuwa la wahakiki. Mwaka 1970 J. W. T. Allen alichapisha orodha ya hati za Kiswahili na Kiarabu pamoja na kanda zilizokuwa katika maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam. Hati na kanda ziliorodheshwa katika kitabu kimoja, kana kwamba ni ndugu. Kimaumbile si rika: hati ya karne ya kumi na tisa yaweza kuingoja karne ya ishirini na mbili, ilhali kanda ya miaka ya 1960 imekwisha kuupita umri wa kawaida wa kanda.

Diski na Tarakimu

Wapo watakaosema kuwa kompyuta imelimaliza tatizo hili. Historia inatufundisha tusiharakishe. Mwaka 1085 Mfalme William wa Kwanza wa Uingereza aliamuru ardhi na mali za nchi ziorodheshwe; kazi ikafanywa mwaka 1086, na matokeo yakaandikwa katika ngozi ya kondoo. Kitabu hicho, Domesday Book, kingali kinasomeka. Mwaka 1986, kuadhimisha miaka 900, shirika la BBC lilitoa Domesday mpya katika diski za leza, kwa michango ya watu wengi, wakiwamo wanafunzi wa maelfu ya shule. Diski hizo zilihitaji mashine maalumu na kompyuta ya aina moja. Haikupita miaka kumi na sita kabla ya mashine hizo kuadimika, na mwaka 2002 watafiti wa vyuo vikuu vya Leeds na Michigan walilazimika kubuni programu ya kuiga kompyuta hiyo ili kazi isomeke. Mwaka 2011 BBC iliweka sehemu ya kazi hiyo katika intaneti. Mwaka 2018 tovuti hiyo nayo ikafungwa, nakala yake ikahifadhiwa na Nyaraka za Taifa za Uingereza. Uokoaji wenyewe ulihitaji kuokolewa.

Tatizo la Domesday ya 1986 halikuwa kuoza kwa diski. Chombo kilikuwa kizima. Kilichokufa ni msomaji wake. Ndivyo ilivyo kwa kanda za kisasa za kuhifadhia data, zinazoitwa LTO, zilizoingia sokoni mwaka 2000. Watengenezaji huzitajia umri wa miaka 30, lakini mashine za kizazi cha nane husoma kanda za kizazi chake na za kizazi cha saba tu. Kanda ya kizazi cha kwanza yaweza kuwa nzima kabisa na bado ikawa bubu.

Fauka ya hayo, kuna kifo ambacho hakitokani na uzee wala mashine. Mwaka 2009 shirika la NASA lilihitimisha kuwa kanda za awali zenye picha bora za binadamu akitua mwezini mwaka 1969 huenda zilifutwa na kutumiwa tena, kwa sababu kanda zilikuwa adimu. Ikiwa hilo lilitokea kwa tukio kubwa kiasi hicho, katika taasisi tajiri kiasi hicho, tusishangae kuwa ngano za bibi mmoja zilifutwa ili irekodiwe hotuba ya mahafali.

Ni muhimu kutambua tofauti moja ya msingi. Karatasi hufa polepole na kwa uaminifu: kona hukatika, wino hufifia, lakini mstari uliobaki husomeka. Faili ya kompyuta aghalabu husomeka yote au haisomeki kabisa, na mwenye nayo hapati onyo. Kwa upande mwingine, faili ina fadhila ambayo Kijuma hakuwa nayo. Nakala ya kwanza na ya mia ni sawa, tarakimu kwa tarakimu. Kwa mara ya kwanza mnakili anaweza kunakili bila kubadili neno. Bei ya fadhila hiyo ni kwamba sharti anakili mara nyingi zaidi: mnakili wa Lamu aliweza kuiacha kazi yake kwa karne nzima, lakini wa leo hana budi kuirudia kila miaka kadhaa. Hata ghala la nyaraka lililofunguliwa Svalbard, nchini Norwei, mwaka 2017, limerudi kwenye filamu, likiandika data juu yake na kuizika katika mgodi wenye baridi, kwa kuwa filamu haidai kuhamishwa mara kwa mara.

Gharama ya Kunakili

Hoja hii yaweza kupingwa kwa njia mbili. Kwanza, yaweza kusemwa kuwa fasihi simulizi huishi kwa kubadilika, na kuigandisha katika kanda ni kuiua. Pingamizi hili lina ukweli. Wimbo unaoimbwa bado hauhitaji kanda, kama aya iliyo kifuani haihitaji ubao. Lakini mhakiki anayedai kuwa utendaji umebadilika hawezi kuonyesha ulivyobadilika bila ushahidi wa ulivyokuwa. Na pale waimbaji wa mwisho walipokwisha kufa, kanda si tena mshindani wa mapokeo. Ni masalio yake.

Pili, yaweza kusemwa kuwa kunakili huharibu. Hilo nalo ni kweli, na ni la kihakiki zaidi. Taylor na Sikujua walichagua. Hichens alihariri. Kijuma aliandikia wateja waliotaka tenzi za kale. Walichokiacha hatukijui. Kila anayeamua kipi kinakiliwe kwanza anaamua pia kipi kiachwe kife, na uamuzi huo ni uhakiki, hata ukifanywa na karani wa ghala. Hii ndiyo sababu haufai kuachiwa karani peke yake. Mwaka 2019 UNESCO, kwa ushirikiano na jumuiya ya kimataifa ya nyaraka za sauti na picha, ilitoa tahadhari kuhusu kanda za sumaku, na mwaka 2025 ulitajwa kuwa mpaka ambao baada yake mashine na mafundi wangekuwa adimu mno. Ikiwa muda hautoshi kuokoa vyote, swali la kipi kiokolewe ni swali la kaida ya fasihi yetu, na linatuhusu sisi.

Hitimisho

Tumeona kuwa kila chombo kipya kilipokea maneno mengi zaidi kwa urahisi zaidi, na kwamba mara nyingi kilidumu kwa muda mfupi zaidi. Jiwe la Kizimkazi lina karne tisa, karatasi za Kilwa zina karne tatu, gazeti na kanda ni vya miongo. Kilichoziba pengo kati ya umri wa chombo na uhai wa matini ni kazi ya mnakili, na kazi hiyo ilihitaji taasisi ya kuibeba. Katika pwani yetu taasisi hiyo iliitwa wakfu: kitabu kilitolewa kwa msikiti au chuo, kisiuzwe wala kisirithiwe, na kuwe na mtu wa kukiangalia. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, hati za msikiti wa Riyadha wa Lamu zilipigwa picha za kidijitali kwa ufadhili wa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini. Picha hizo zilipatikana kwa kuwa hati zenyewe zilikuwa zimetunzwa palepale.

Idara zetu zina kanda, lakini hazina wakfu wa kanda. Mambo yanayohitajika yanajulikana: kila kanda iandikwe jina la mwimbaji na la aliyemrekodi, inakiliwe kabla ya kuchezwa kwa sababu nyingine yoyote, nakala zikae katika majengo mawili tofauti, na moja irudishwe kwa jamii iliyoimba, kanda asilia isitupwe, na kuwe na fungu la fedha, hata dogo, la kunakili upya kila baada ya miaka kadhaa. Zaidi ya yote, kazi ya kunakili, kusikiliza na kufafanua kanda moja kikamilifu ihesabiwe kuwa utafiti unaostahili shahada, kama tunavyoihesabu kazi ya kuhariri hati moja ya Pate. Mwalimu Sikujua alifanya kazi hiyo Muyaka akiwa kaburini tayari, waliomkumbuka wakiwa wangali hai. Wengi wa walioimba katika kanda zetu hawako tena, na wale waliowarekodi sasa ni wazee.